Waliokula Njama Bila Mimi

Jumatatu, 5 Mei

Insha za Kidato cha Tatu, nusu nimesahihisha. Bado wanaandika "iyo" na "apa". Herufi H inawatesa watoto hawa kama homa.

Chai ya saa nne nimekunywa peke yangu. Nilibeba chapati mbili, yangu na ya Perpetua, kama kawaida. Ya Perpetua imerudi nyumbani kwenye mfuko. Alikuwa nyuma ya maabara na Minza, wamesimama karibu karibu, wanacheka. Nilipotokea kicheko kikakatika. Minza akasema, "Shikamoo, madam Ansila." Marahaba. Perpetua akasema nitangulie, anakuja. Hakuja.

Minza ni mwalimu mpya wa Hisabati. Alihamia kwetu Januari. Kabla ya Januari sikuwahi kutangulia mahali popote. Mimi na Perpetua tumefundisha shule hii tangu ikiwa na madarasa manne na bati linalovuja. Yeye Biolojia, mimi Kiswahili. Jioni tunatoka pamoja, tunapitia samaki sokoni, yeye anaishia kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, mimi naendelea. Mume wangu alipofariki, Perpetua alilala kwangu mpaka nikaweza kulala mwenyewe. Yeye hajaolewa. Jumapili anakula kwangu au nakula kwake. Hatukuwahi kukubaliana iwe hivyo. Ilikuwa tu.

Nina wivu. Naandika hapa ili nisiuseme mbele za watu.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi ofisini mwalimu wa michezo alikuwa bado anaomboleza mechi ya Ijumaa. Tumefungwa na shule ya Kibaoni. Kwake yeye ni njama. Mwamuzi alikula njama, mshika kibendera alikula njama, hata mvua ilikula njama. Wote tukacheka. Mimi nikaona nimepata somo la leo.

Kidato cha Tatu, kipindi cha tatu. Niliandika ubaoni: NJAMA. Nikawauliza maana. Wakasema mpango mbaya. Wakasema siri. Wakasema hila. Nikawaeleza: hila unaweza kuwa nayo peke yako, kichwani mwako. Njama inahitaji watu. Mmoja hawezi kula njama, labda awe na vichwa viwili. Na njama ni lazima iwe na mtu wa kuumia. Watu wakipanga kwa siri kumjengea bibi yao nyumba, hiyo si njama.

Zawadi, yule binti anayekaa dirishani, akanyoosha mkono.

"Madam, na kama bibi hataki kujengewa?"

Darasa likaangua kicheko. Lakini Zawadi alikuwa anauliza kweli. Anataka kujua nani anaamua kwamba jambo ni baya: wanaopanga au aliyefichwa. Nikamwambia atumie akili. Jibu la hovyo.

Kisha mwingine: kwa nini inaliwa? Kwa nini si kufanya njama? Nikawaambia hata kufanya njama watu husema, lakini Kiswahili kinapenda kula. Tunakula kiapo, tunakula hasara, tunakula rushwa. Wakapenda. Wakaandika.

Nimerudi nyumbani nalifikiria hilo. Njama inaliwa kwa sababu watu wanakaa pamoja, wanainama kwenye kitu kimoja, midomo yao iko karibu. Asiyekaribishwa anasimama nje na anasikia harufu.

Nyuma ya maabara midomo yao ilikuwa karibu.

Alhamisi, 8 Mei

Jioni Perpetua alitoka na mimi, hatimaye. Nilifurahi kama mtoto. Sikuonyesha. Tulipofika kwenye kona ya mashine ya kukoboa akasema, huku anaangalia barabara, kwamba Jumamosi anakwenda Mang'ula na Minza. Kutembea tu. Kuona maporomoko.

Tumekaa chini ya milima hii miaka yote. Nimemwambia mara ngapi twende Mang'ula au Sanje tukaone maporomoko, akasema magoti yake hayapendi mlima. Leo magoti yamepona.

Sikumuuliza kama nami naweza kwenda. Hakuniambia karibu. Tulinunua samaki, yeye wake, mimi wangu.

Ijumaa, 9 Mei

Kabla ya vipindi Minza alimwomba Perpetua amshikie vipindi vyake viwili vya baada ya chai. Ana safari. Perpetua akasema nenda, niachie maswali, nitawasimamia. Nilikuwa meza ya tatu kutoka kwao, nasahihisha. Hawakunong'ona. Lakini pia hawakuniangalia.

Minza aliondoka saa nne na begi.

Kama wanakwenda Mang'ula kesho pamoja, mbona huyu ameondoka leo?

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwona.

Nilikuwa stendi kumtumia binti yangu Happy mchele, yuko chuoni Morogoro. Nimemkabidhi kondakta mzigo, nageuka, namwona Perpetua ndani ya basi la Mlimba. Dirishani. Amesuka nywele upya, rasta nyembamba, kazi ya siku nzima. Amevaa gauni la kitenge ambalo sijawahi kuliona. Mimi, ambaye najua mpaka gauni lake la kulalia.

Basi la Mlimba haliendi Mang'ula. Mang'ula ni huku, Mlimba ni kule. Ni kama mtu akuambie anakwenda kanisani halafu umwone anaelekea mtoni na ndoana.

Hakuniona. Au aliniona.

Nimefua mashuka yote, hata yaliyokuwa safi.

Jumapili, 11 Mei

Misa bila Perpetua. Padri alihubiri, sikumbuki nini.

Alasiri akaja kwangu. Amechoka, uso unang'aa. Ameniletea mchele mpya, ule wenye harufu inayojaa nyumba kabla haujaiva. Nikamuuliza Mang'ula kulikuwaje. Akasema kuzuri. Nikamuuliza maporomoko yana maji mengi? Akasema mengi, si unajua masika. Nikamuuliza na mchele huu umeutoa Mang'ula? Akasema ndiyo, kuna mama mmoja anauza.

Nikasema ahsante.

Angalau angejua kudanganya vizuri. Aliniangalia kama anayesubiri nimkamate. Sikumkamata. Nilitaka abaki na uongo wake tumboni umchome. Nikampikia chai.

Alipoondoka nilikaa muda mrefu na ule mchele. Nilifikiria kuwapa kuku wa jirani. Nimeupika. Nimekula wote. Mtamu.

Jumanne, 13 Mei

Mwalimu Kasiani, mwalimu wetu wa taaluma, amenikuta peke yangu ofisini. Kasiani ndiye anayepanga ratiba, na toka Machi hampendi Minza. Kwenye kikao cha walimu Minza alisimama akaonyesha ratiba ilivyombebesha kila mtu isipokuwa mwenye ratiba. Watu walicheka. Kasiani hasahau kuchekwa.

Akaanza na afya yangu. Kisha Happy. Kisha akasema polepole, "Mwenzio siku hizi haonekani na wewe."

Aligusa palepale. Nikasema watu wana shughuli zao.

Akasema anasikia Minza na Perpetua wanaulizia uhamisho. Wote wawili. Kwenda upande wa Mngeta, njia hiyo hiyo ya Mlimba. Minza kwao ni huko, wazazi wake walitoka Usukumani na ng'ombe zamani wakaweka kambi yao huko, wakawa wakulima. "Wanakula njama wale," akasema. "Mmoja anamvuta mwenzake. Utashtukia umebaki."

Kisha akasema Mkuu wa shule anataka kujua kuhusu Ijumaa. Minza aliacha vipindi. Mimi nilikuwepo. Nitasema?

Nikajibu nitasema nilichokiona.

Akatabasamu. Ana meno mazuri, Kasiani. Sikuwahi kuyaona.

Jumatano, 14 Mei

Sikuongea na Perpetua leo. Yeye naye hakunitafuta. Amekaa na simu, anatabasamu na kioo.

Nimejaribu kufikiria Viwanja Sitini bila yeye. Mlango wake, ndoo yake ya bluu, ile sauti yake ya kuita "hodi huku" akiwa tayari ameshaingia. Nimefikiria nikizeeka. Sikuwahi kuogopa kuzeeka kwa sababu nilijua nitazeeka na nani. Mume alikufa, mtoto atakwenda zake, ndivyo inavyotakiwa. Perpetua ndiye aliyekuwa hana pa kwenda. Ni jambo baya kuliandika. Nilimpenda pia kwa sababu hiyo, kwamba hana pa kwenda.

Na huyu binti kutoka Mngeta amempa pa kwenda.

Namchukia Minza. Shikamoo zake, viatu vyake safi hata tope likijaa, jinsi anavyosema "dada Perpetua" kama walizaliwa tumbo moja.

Ijumaa, 16 Mei

Imefanyika.

Ofisi ya Mkuu, baada ya chai. Mkuu mwenyewe, Kasiani, Minza, mimi. Perpetua alikuwa anasimamia majaribio ya Kidato cha Nne. Kasiani alijua. Mimi pia nilijua.

Mkuu ni mama mtaratibu, hapendi kelele. Akaniuliza: Madam Ansila, Ijumaa iliyopita ulimwona Madam Minza akiondoka? Nikasema ndiyo, saa nne, na begi. Akaniuliza kama najua alikokwenda. Nikasema sijui. Akaniuliza kama aliaga kwa mwalimu wa taaluma. Nikasema hilo atalijua mwalimu wa taaluma.

Kila neno la kweli. Hakuna hata moja la uongo.

Halafu Mkuu akaacha nafasi. Kimya kidogo, cha kumsubiri mtu aongeze jambo kama analo. Hapo ndipo ilipokuwa sehemu ya kusema: alipanga na Perpetua, vipindi vilishikwa, watoto hawakukaa bure, nilisikia kwa masikio yangu. Minza akanigeukia. Hakuonekana kuogopa. Alikuwa ananisubiri tu, kwa adabu, kama anayenipisha mlangoni.

Nikafunga mdomo.

Kasiani hakuniangalia. Mimi sikumwangalia. Hatukuwa tumekubaliana chochote.

Mkuu akamuuliza Minza alikuwa wapi. Akasema, "Sitaki kukudanganya, Mkuu. Lakini siyo jambo langu mwenyewe la kulisema." Kasiani akaguna. Mkuu akamwambia basi ajieleze kwa maandishi kufikia Jumatatu. Na kwa sasa Kidato cha Nne watafundishwa na mwingine, mpaka suala liishe. Kidato cha Nne ndio anaowapenda. Amekuwa akibaki nao jioni.

Hapo uso wake ukabadilika.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nimepika samaki, kitoga, kwa nazi. Nimeimba. Naandika ukweli: nimefurahi.

Jumamosi, 17 Mei

Perpetua amekuja asubuhi. Hakuita hodi.

Alisimama mlangoni na kanga kichwani. Akasema, "Ulikuwepo. Meza ya tatu. Ulisikia nikimwambia nenda."

Nikamwambia aingie. Akasema amesimama vizuri.

Nikaona na mimi nina yangu ya kusema. Nikamwambia nilimwona kwenye basi la Mlimba. Nikamwambia habari ya maporomoko ya Mang'ula. Nikamwambia najua mnakula njama ya kuhama, mimi ndiye mjinga wa mwisho kuambiwa. Niliyasema yote kwa mfululizo, sauti ikapanda. Jirani akaacha kufagia.

Perpetua akasubiri nimalize. Kisha akasema:

"Naolewa, Ansila."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni.

Ni kaka yake Minza. Masanja. Mkewe alifariki, ana mpunga na ng'ombe kule Mngeta, watoto wake wawili wakubwa. Alikuja Februari kumletea dada yake mchele, Perpetua akamwonyesha njia ya shule. Ndivyo ilivyoanza. Jumamosi ile alikwenda kuonwa na mama mkwe na wazee. Minza alitangulia Ijumaa kumwandaa mama, maana mama alitaka msichana wa miaka ishirini atakayezaa. Minza alikaa na mama yake mpaka akalainika.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo alipoingia ndani. Akaketi. Akasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwamba Masanja nilishamwona. Februari hiyo hiyo, pale sokoni. Alitusalimia akapita, na mimi nikashika pua nikasema huyu ananuka zizi, wameingia na ng'ombe wao wamejaza bonde lote. Perpetua alicheka na mimi. Kisha akaenda nyumbani akalia.

"Ningekuambia, ungeniambia nifikirie mara mbili," akasema. "Nina miaka arobaini na sita. Nimefikiria mara mia. Nilitaka jambo moja liwe langu mpaka likomae. Wewe ukishika kitu, Ansila, kinakuwa chako."

Nikammiminia chai.

"Tulikula njama, ndiyo. Kama unalitaka hilo neno. Mimi na Minza na Masanja. Njama ya kuniozesha. Sasa niambie ya kwenu na Kasiani ilikuwa ya nini."

Akaondoka. Kikombe chake cha chai kilibaki kimejaa.

Jumapili, 18 Mei

Misa. Alikaa upande wa kushoto, na Minza, ambaye si hata Mkatoliki. Mimi kulia.

Wivu haujaisha. Nilidhani ukijua kila kitu unaisha. Sasa umepata majina zaidi: Masanja, mama yake, mashamba, ng'ombe. Namwonea wivu mwanamke wa miaka arobaini na sita kwa kupendwa. Namwonea wivu mwanamume kwa kumpata. Namwonea wivu Minza kwa kuaminiwa. Jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya rafiki yangu limepita mbele ya nyumba yangu likaenda kubisha kwingine.

Na kule kunyamaza kwangu. Nimekuwa nikijiambia sikukubaliana na Kasiani. Hatukupanga. Nikiwa darasani ningemwambia mtoto hiyo si njama, hakuna mpango, hakuna kikao. Lakini Kasiani alijua tangu Jumanne kwamba sitasema yote, na mimi nilijua anajua. Tuliinama kwenye sahani moja. Hatukuhitaji kusemezana.

Nimekula nimeshiba. Sasa natapika.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeingia kwa Mkuu kabla ya mstari wa asubuhi, kabla Minza hajapeleka maelezo yake. Nilitaka kuingia kabla sijapata muda wa kufikiria.

Nikasema: Ijumaa ile vipindi vilishikwa. Nilisikia. Sikusema.

Mkuu akavua miwani. "Mlipanga na Mwalimu Kasiani?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia ni wivu. Sikujua kwamba nitalisema neno hilo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, ya kiofisi. Lilitoka lenyewe, dogo, kama kuomba ruhusa kwenda chooni. Nadhani Mkuu angependelea sababu nyingine, ambayo angejua pa kuiweka.

Akasema Minza atarudishiwa Kidato cha Nne leo leo. Akasema mimi napewa onyo, na ukuu wa idara ya Kiswahili nitaukabidhi kwa mwingine mwisho wa muhula. Nikasema sawa. Ni haki. Nilipofika nje nikaona si haki sana, kisha nikaona ni haki.

Kasiani hajanisalimu. Amejua kabla ya saa nne. Kwake yeye mimi ndiye msaliti, na kwa kipimo chake hajakosea. Meno yamefichwa tena.

Nilimfuata Minza kwenye korido. Nikamwambia nilichofanya Ijumaa na nilichofanya leo, na kwamba naomba radhi. Wanafunzi walikuwa wanapita. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, madam."

Basi. Hakusema nimekusamehe. Akainamisha kichwa kidogo, akaenda kwa wanafunzi wake. Nikasikia darasa zima linapiga meza kwa furaha.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imerudi kidogo, haipaswi. Watu wana mpunga uliokatwa shambani. Kila mtu anaangalia juu.

Zawadi amenisimamisha baada ya kipindi. Ameandika insha, anataka niisome kabla ya wengine. Ni juu ya baba zake wadogo kugawana shamba la babu bila kumwita mama yake. Hakuna aliyedanganya, ameandika. Walikutana tu siku ambayo walijua mama yuko hospitali. Je, ni njama?

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia siku ile nilimjibu vibaya. Kuhusu bibi na nyumba. Nilimwambia kwamba mara nyingi anayejua kama ni njama ni yule aliyeachwa nje, ila na yeye huweza kukosea, maana akiwa nje hasikii vizuri. Akaniangalia kama natania. Akauliza aandike hivyo? Nikasema aandike anavyoona yeye.

Ijumaa, 6 Juni

Shule imefungwa. Nimekabidhi idara. Mwalimu aliyeipokea ni kijana mzuri, anapenda mihuri.

Uhamisho wa Perpetua umekubaliwa. Julai ataripoti shule ya huko huko Mngeta. Minza haendi popote, hakuwahi kuomba. Hilo Kasiani alilipika mwenyewe, au alilisikia nusu. Minza anabaki hapa, na mimi nabaki hapa. Tutakunywa chai chumba kimoja miaka mingi.

Perpetua amekuja meza yangu akiwa amebeba boksi lake. Akasema harusi ni tarehe ishirini na nane. Mngeta. "Utakuja?"

Si "wewe ndiye utakayenisimamia". Msimamizi ni binamu yake kutoka Mahenge, ambaye huonana naye wakati wa misiba tu. Nilijua sitakuwa mimi. Iliuma vilevile.

Nikasema nitakuja.

Jumamosi, 28 Juni

Nimerudi jioni hii na basi la walimu. Vumbi mpaka kwenye masikio.

Mashamba yote yamevunwa kando ya barabara, yamebaki mabua na ng'ombe ndani yake. Kanisani Perpetua aliingia taratibu, gauni la rangi ya maziwa, rasta zimefungwa juu. Alikuwa mzuri. Nilisubiri wivu unikate, ukanikata, lakini nililia kabla haujafika, kwa hiyo vilichanganyika.

Chini ya turubai nilikaa na walimu, meza ya nyuma karibu na majiko. Wasukuma walicheza ngoma yao mpaka ardhi ikaitikia. Mama yake Masanja, yule aliyetaka msichana wa miaka ishirini, alimshika Perpetua mkono muda wote, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa mwenyewe atakuja kukidai. Nilimwelewa sana mama yule.

Minza alikuwa anagawa chakula. Alinijazia sahani. "Madam, pokea." Nyama nyingi kuliko ya wengine. Sijui ni heshima au ni nini. Nimekula.

Kisha Masanja mwenyewe akapita kila meza. Mrefu, mpole, suti imembana mabega. Akafika kwangu akanipa mikono yote miwili.

"Karibu sana, shemeji. Perpetua hakosi kukusema."

"Ananisema vipi?"

Akafikiria. Hakukimbilia adabu. "Vyote," akasema.

Alinukia sabuni na moshi wa kuni. Nilitamani nimwombe radhi kwa jambo ambalo labda hajui. Nikasema tu, mtunze. Akasema atajitahidi.

Wakati wa kuondoka Perpetua alinikumbatia mbele ya basi. Alinishika shingo kwa nyuma, kama wakati ule wa msiba wangu. Dereva akapiga honi.

Jumatatu, 30 Juni

Likizo. Nimefagia uwanja. Nimekwenda sokoni mchana nikanunua samaki mmoja, perege. Nimepita Viwanja Sitini bila kugeuza shingo, kisha nikageuza. Mlango umefungwa kwa kufuli jipya. Ndoo haipo.

Nyumbani nimelala kidogo.

Saa kumi simu ikaita. Perpetua. Habari za huko, nzuri, za huko, nzuri. Happy hajambo? Hajambo. Akasema ana mchele wa wageni wa kesho, anapepeta. Nikasema pepeta basi. Akaweka simu chini, hakukata. Nikasikia ungo wake: shaa, shaa, pumba zikiruka, kuku wakija mbio, mtoto fulani akiitwa kwa Kisukuma. Nami nikaanza kupaa samaki wangu. Sijui kama alisikia kisu.

Tumekaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyekata.